Benki Iliyohama kwa Wikiendi Moja

Jumapili ya tarehe 22 Aprili 2018, jioni, benki ya TSB ya Uingereza iliwafungulia wateja wake huduma za mtandaoni ilizokuwa imezifunga tangu Ijumaa. Haukupita muda wateja wakaanza kulalamika. Wengine hawakuweza kuingia kabisa. Wengine waliingia wakakuta salio lisiloeleweka, na wapo walioziona akaunti za watu wasiowajua. Jumatatu yake Sabadell, benki ya Hispania iliyokuwa ikiimiliki TSB, ikatoa tamko kwamba uhamisho wa mfumo umekamilika kwa mafanikio.

Kwa maana finyu, tamko lile halikuwa la uongo. Taarifa za wateja wapatao milioni 5.2 zilikuwa zimetolewa kwenye mfumo wa zamani na kuingizwa kwenye mpya, na kwa sehemu kubwa zilifika salama. Kilichoanguka ni mfumo uliozipokea. Ndiyo maana naona kesi ya TSB inafaa kusomwa na kila bodi inayotaka kutangaza "mageuzi ya kidijitali". Kuhamisha data ni kazi ya mafundi. Kujua kama kule zinakokwenda kutaweza kuhudumia watu Jumatatu asubuhi, na kuwa na ujasiri wa kusema bado, ni kazi ya viongozi.

TSB haikuhama kwa kupenda. Msukosuko wa fedha wa 2008 uliilazimisha serikali ya Uingereza kuiokoa benki ya Lloyds, na Umoja wa Ulaya ukaweka sharti kwamba Lloyds imege sehemu ya biashara yake. Kipande kilichomegwa kikarudi mitaani mwaka 2013 kwa jina la TSB, kikiwa na matawi zaidi ya 600. Kilikuwa na majengo, wafanyakazi na wateja, ila mfumo hakikuwa nao. Akaunti zote ziliendelea kukaa kwenye mitambo ya Lloyds, TSB ikiilipa mshindani wake ili iweze kufanya biashara. Sabadell ilipoinunua mwaka 2015 kwa pauni bilioni 1.7, hesabu zake zilitegemea kuiondoa huko na kuiweka kwenye mfumo wake yenyewe, uitwao Proteo. Ilitarajia kuokoa pauni milioni 160 kwa mwaka. Lloyds nayo ilichangia pauni milioni 450 za kugharimia uhamisho. Kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa na bei yake, na hilo tusilisahau tunapowalaumu waliokuwa na haraka.

Sabadell walijiamini, na walikuwa na sababu. Nyumbani Hispania walikuwa wamekwisha kununua benki kadhaa na kuzihamishia kwenye Proteo. Lakini kule walikuwa wakiongeza wateja kwenye mfumo uliokuwa tayari unafanya kazi, wenye mamilioni ya watumiaji na kasoro zake zikijulikana. Uingereza ina njia zake za malipo, sheria zake na bidhaa zake za kibenki. Ikabidi litengenezwe toleo jipya, Proteo4UK, na sehemu kubwa ya programu zake ikaandikwa upya. Uzoefu wa kuhamisha ulikuwepo. Kujenga na kuhamia kwa mpigo mmoja, tena kwa ukubwa huo, hakukuwa na uzoefu nako, na inaonekana mezani kwa bodi mambo hayo mawili yalihesabiwa kuwa jambo moja.

Hapo ndipo suala la tarehe linapoingia. Mpango wa kwanza ulisema uhamisho ufanyike Novemba 2017. Wanasheria wa Slaughter and May, walioajiriwa na bodi ya TSB kuchunguza kilichotokea na ambao ripoti yao ilitoka Novemba 2019, walieleza kwamba mpango ule ulipangwa kinyumenyume: mwisho uliwekwa kwanza, kisha kazi zikabanwa zitoshe ndani yake. Ni sawa na kuchapisha kadi za harusi kabla ya kwenda kuposa. Ilipofika Septemba 2017 kazi zilikuwa nyuma waziwazi, na TSB ikatangaza kwamba Novemba haiwezekani tena, itakuwa robo ya kwanza ya 2018. Tangazo hilo lilitoka kabla hata mpango mpya haujakamilika. Yaani walikiri kwamba tarehe ya zamani haikutokana na hesabu za kazi, kisha wakaweka nyingine kwa mtindo uleule.

Swali ambalo bodi ilipaswa kuliuliza siku ile ni jepesi: kama karibu kila kipengele kimechelewa, ni kitu gani kimebadilika hata tuamini kwamba miezi michache itatosha? Wachunguzi hawakuona dalili kwamba swali hilo lilisukumwa hadi likajibiwa. Kwa mujibu wao mpango mpya ulirudia kasoro za ule wa kwanza. Hatua za majaribio ambazo zingefuatana, moja ikisubiri nyingine ipite, zikaendeshwa sambamba. Anayejua kazi ya programu anajua maana yake. Kasoro inayogunduliwa kwenye hatua ya pili humrudisha fundi kwenye ya kwanza, na zote mbili zikiwa zinaendelea kwa pamoja huwezi tena kusema kwa uhakika ni kitu gani hasa kimepimwa.

Wakaamua pia kuwahamisha karibu wateja wote kwa wikiendi moja. Njia ya kuhama kwa mafungu ina adha zake: unaendesha mifumo miwili kwa wakati mmoja, unalipa mara mbili, na wafanyakazi wa matawini wanachanganyikiwa. Lakini fungu la kwanza likikwama, walioumia ni wachache na unabaki na nafasi ya kusimama. Ukihamisha wote, kurudi nyuma kunakuwa jambo la kwenye makaratasi tu. Mimi sisemi uhamisho wa mpigo mmoja ni kosa siku zote. Nasema anayeuchagua anajitwika deni la kupima mara mbili zaidi, na TSB ilipima pungufu.

Upungufu wenyewe ndio sehemu ya hadithi hii inayostahili kusomwa taratibu. Proteo4UK ilijengwa kwenye vituo viwili vya data vinavyofanya kazi kwa pamoja. Hapakuwa na kimoja kinachohudumia na kingine kinachosubiri dharura. Vyote viwili hupokea maombi ya wateja muda wote, na mteja hajui wala hahitaji kujua ombi lake limeangukia kipi. Mpangilio huu una manufaa makubwa, kwa sharti moja: vituo viwe sawa kwa kila kitu, kuanzia matoleo ya programu, mipangilio ya seva, hadi njia za mtandao. Kukiwa na tofauti ndogo tu, mteja mmoja anafanikiwa na wa pili anakwama, na fundi anayejaribu kuliona tatizo hulikuta leo akalikosa kesho.

Majaribio ya uwezo, yaani yale yanayopima kama mfumo utastahimili mzigo wa watumiaji wengi kwa mara moja, yalifanyika kwenye kituo kimoja tu kati ya hivyo viwili. Bodi haikuelezwa. Baadaye ikabainika kwamba mipangilio ya vituo hivyo haikuwa sawa. Kwa hiyo matokeo mazuri yaliyopelekwa kwa wakubwa yalikuwa ya kweli kabisa, ila yalihusu nusu ya mfumo. Napenda kulisisitiza hili kwa sababu uongozi wa teknolojia mara nyingi huangushwa na ukweli usiokamilika kuliko uongo. Hakuna aliyeghushi ripoti. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: hiki kilichofaulu ni kipi, kilipimwa wapi, na kipi hakijapimwa?

Sasa tuje kwenye mkataba. TSB haikujenga mfumo yenyewe. Kazi ilipewa SABIS, kampuni ya teknolojia iliyo chini ya Sabadell, nayo SABIS ikategemea kampuni nyingine 85. Mwenye benki yuko juu, mjenzi ni ndugu yake wa ukoo mmoja, na chini yao kuna msururu wa wakandarasi wadogo ambao TSB haikuwa na mkataba nao moja kwa moja. Undugu ulilegeza ukaguzi. Mkandarasi wa nje ungemkagua kwa jicho kali na ungemdai vielelezo. Kampuni ya mzazi wako ni vigumu kuiambia kwamba huiamini, hasa kama mzazi huyo ndiye anayeisubiri tarehe kwa hamu kuliko wote.

Kabla ya kuwasha mfumo, SABIS iliandika barua ya kuithibitishia TSB kwamba iko tayari. Ukiisoma jinsi wachunguzi walivyoieleza, barua ile iliongelea zaidi matarajio: kwamba mambo yatakuwa tayari, kwamba wakandarasi wadogo wanategemewa kukamilisha sehemu zao. Mkuu wa TEHAMA wa TSB, Carlos Abarca, aliitegemea katika kuihakikishia bodi, na bodi ikaitegemea kauli yake. Maneno matupu hayavunji mfupa, lakini siku ile yaliruhusu benki nzima kuhama. IBM, iliyoitwa kuokoa jahazi baada ya mfumo kuanguka, iliandika ndani ya siku chache kwamba haikuona ushahidi wa vigezo vikali vilivyotumika kuamua kuwa mfumo uko tayari kuwashwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Hadi wateja milioni 1.9 walizuiwa kuingia kwenye akaunti zao. Wafanyakazi wa matawini walikabiliana na foleni huku skrini zao zikiwa zimekwama vilevile, na laini za simu zikazidiwa. Matapeli nao hawakulala: mteja aliyezoea kuambiwa "tunashughulikia" ni rahisi kumtumia ujumbe wa uongo akaujibu. Mkurugenzi mtendaji Paul Pester alitangaza kwamba programu ya simu na huduma za mtandaoni zimerudi, kumbe bado, na muda mfupi baadaye akakiri kwamba benki imepiga magoti. Kwa maoni yangu, tangazo lile liliumiza kuliko hitilafu yenyewe. Mteja anaweza kusamehe mfumo ulioanguka, lakini haelewi anapoambiwa umesimama na yeye anauona umelala. Kamati ya Hazina ya Bunge, chini ya Nicky Morgan, ilipoteza imani na Pester mwezi Juni, na Septemba akaondoka.

Huduma zilirejea katika hali ya kawaida kabisa Desemba 2018, miezi minane baadaye. Mwaka huo peke yake uliigharimu TSB pauni milioni 330, na wateja wapatao 80,000 wakahamia kwingine. Fidia ilifika pauni milioni 32.7. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65, na Aprili 2023 Abarca mwenyewe akatozwa pauni 81,620 kwa kutochukua hatua za kutosha kusimamia kazi iliyopewa SABIS. Faini ya Abarca iliwashtua wakuu wa TEHAMA wa London, na ilistahili kuwashtua. Hata hivyo nabaki na kinyongo kidogo nayo. Tarehe haikupangwa na idara ya TEHAMA peke yake, wala si idara hiyo iliyoitangazia dunia robo ya kwanza ya 2018 kabla mpango haujakamilika.

Huku kwetu "mfumo uko chini" ni sentensi ya kila siku dirishani, na benki nyingi za Afrika Mashariki zinaendeshwa kwa mifumo iliyonunuliwa nje, kama Finacle ya Infosys ya India au ile ya Temenos ya Uswisi. Kuinunua si aibu, kwani hakuna sababu ya kila benki kuandika programu yake. Ila msururu wa wakandarasi unakuwa mrefu kuliko ule wa TSB kwa namna nyingine: muuzaji yuko Bengaluru au Geneva, anayesimika mfumo ni wakala aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, na kati ya benki na mteja kuna kampuni za simu ambazo pesa hupita kwao kila dakika. Muuzaji anapoleta barua ya utayari, huwa anaongelea kipande chake. Nani ameupima msururu mzima kwa mzigo wa tarehe za mishahara, wakati walimu, askari na wastaafu wanapotoa pesa kwa pamoja? Mkurugenzi asiye na jibu la jina la mtu na tarehe ya jaribio hapaswi kupokea "kila kitu kiko sawa" kama jibu. Na fundi anayesema "bado" inabidi aone kwamba kusema hivyo hakumgharimu kazi, maana vinginevyo bodi itaendelea kusikia habari za nusu ya mfumo iliyofaulu.

Julai 2025 Sabadell ilikubali kuiuza TSB kwa Santander kwa pauni bilioni 2.65, na mnunuzi akasema ataiunganisha na benki yake iliyoko Uingereza. Maana yake akaunti zilizotolewa Lloyds kwa taabu ile italazimu zihamishwe tena kwenda kwenye mfumo wa mtu mwingine, na mahali fulani watu wameshaketi kujadili itakuwa lini.