Mbona albamu zetu za Kiswahili huvishwa majina ya Kizungu?

DESEMBA ni mwezi wa orodha. Kila shabiki wa muziki ana yake, na mwaka huu wa 2020 tumepata wasaa wa kusikiliza kuliko kawaida. Tangu kafyu ianze mwezi Machi, hakuna tamasha wala kilabu. Ni wewe na spika yako sebuleni. Orodha yangu ina albamu tano, na nazitaja kwa mfuatano wa mapenzi yangu: Siti of Unguja, I Am Zuchu, Midnight Train, Victims of Madness na Lucky You. (Wajuzi watasema hiyo ya Zuchu, yenye nyimbo saba tu, si albamu kamili. Haidhuru.)

Umeona, msomaji? Zote tano zina Kiswahili ndani yake, kiwe cha Unguja au cha mtaani, lakini hakuna hata moja iliyobatizwa kwa Kiswahili. Yaani lugha hii inatufaa kuimbia, kutongozea na kulilia, ila ikifika kwenye jalada tunaiambia ingoje nje.

Namba moja kwangu haina mjadala. Siti Muharam ni kitukuu cha Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Kitukuu huyu anaziimba nyimbo za bibi yake bila kuziogopa na bila kuzichezea. Sikiliza Kijiti. Kisa chenyewe kilitokea kweli: mwanamke aliuawa, muuaji akatorokea bara, na mahakama ya enzi za Waingereza ikawatia hatiani mashahidi, eti kwa kuwa walinunua pombe iliyonywewa siku hiyo. Wakati huo, kwa wengi wasiojua kusoma, wimbo ndio uliokuwa gazeti. Siti Muharam haigizi hasira ya bibi yake. Anayatamka maneno polepole, yakiwa mazima, na uovu wa hukumu ile unajitokeza wenyewe. Sijasikia mwaka huu Kiswahili kilichoimbwa kwa heshima kuliko hicho.

Sasa tazama jalada: Siti of Unguja. Siti ni jina letu, Unguja ni mahali petu. Kilichokopwa ni kiunganishi, herufi mbili tu, na Kiswahili kina chake cha herufi mbili vilevile. Siti wa Unguja! Najua kampuni iliyoitoa iko Uingereza na inawauzia watu wa huko. Lakini mnunuzi wa London aliyekubali kusikiliza albamu nzima asiyoielewa neno, je, angetishwa na hiyo "wa"?

Zuchu naye ni mwana wa taarabu, binti ya Khadija Kopa. Katika Mauzauza anaimba na mamake, na hapo ndipo unasikia malezi yalivyofanya kazi. Neno lenyewe, mauzauza, lina utamu wa kiinimacho, mambo yanayokuja na kutoweka mbele ya macho. Msichana anayelijua neno kama hilo kwa nini ajitambulishe kwa I Am Zuchu? Mbona asiseme Ndimi Zuchu? "Mimi ni Zuchu" ni kujitambulisha tu, kama mtu anayejaza fomu. "Ndimi Zuchu" ni jibu la anayeulizwa: huyo mnayemtafuta ndiye mimi, si mwingine. Isitoshe, ndimi pia ni wingi wa ulimi. Jina gani lingemfaa mwimbaji zaidi ya hilo?

Midnight Train ya Sauti Sol ilitoka Juni ikiwa na nyimbo 13. Imepikwa kwa ustadi, hilo halina ubishi, ingawa nyimbo zake za Kiingereza zinanipita kama upepo. Nikirudia, narudia Suzanna, na narudia Disco Matanga, uliotokana na ngoma za usiku wa kesha la mazishi kule magharibi mwa Kenya. Hawa ni vijana ambao albamu yao ya kwanza, mwaka 2008, waliiita Mwanzo. Neno moja, limekamilika. Kadiri walivyopanda ndivyo Kiswahili kilivyoshuka kwenye jalada.

Watanijibu kwamba soko ni la dunia nzima. Sawa, lakini ni Wakenya wangapi wanaoelewa Kilingala, na tumecheza rumba ya Wakongo miaka yote hii? Katika huohuo wimbo wa Disco Matanga yumo Sho Madjozi wa Afrika Kusini, ambaye hurap kwa Kitsonga, na hata Kiswahili anakifanyia kazi. Lugha yake haijamfungia mlango wa dunia.

Wakadinali watawaudhi walimu wenzangu. Sheng yao ni nzito, na matusi yamo. Ila kabla hujawafukuza darasani, litazame jina lao. Kamusi inasema kardinali, makardinali. Vijana hawa wa Eastlands wamelitoa neno katika ngeli hiyo na kulitia katika M-WA: mmoja wao hujiita Scar Mkadinali, na wakikusanyika ni Wakadinali. Hiyo ni sarufi ya Kiswahili ikifanya kazi mtaani bila kusimamiwa na mtu. Ndiyo maana Victims of Madness inanisikitisha kama jina. Watu wenye uwezo wa kuunda neno lao wenyewe wameazima maneno matatu ya Kiingereza.

Imebaki Lucky You ya Nyashinski, ya Machi. Tangu enzi za Kleptomaniax huyu bwana anajua kulipinda neno likapindika. Kwa Kiswahili jina hilo lingekuwa Bahati Yako, nasi twajua namna mbili za kulitamka: moja ya kumpongeza mtu, nyingine ya kumwonya aliyeponea chupuchupu kwamba siku nyingine hataponea. Onyo hilo lingemfaa vilivyo, maana sehemu kubwa ya albamu anawajibu waliomdharau. Nimeiweka ya tano kwa sababu nyingine: baadhi ya nyimbo za mapenzi zimo kujaza nafasi tu, na ningeziondoa mbili au tatu bila kuzikumbuka tena.