Neno "Gereza" na Mgawanyo wa Vipindi: Tahakiki ya Masimulizi kuhusu Ngome ya Yesu

Vitabu vya historia ya dunia tulivyovizoea shuleni aghalabu hugawa karne nyingi katika mafungu matatu: dola za enzi za kati, safari za mabaharia wa Ulaya, na mapinduzi ya viwanda. Katika mpango huo Mombasa huingia pale Vasco da Gama anapotia nanga mwaka 1498, kisha hutoweka hadi reli inapoanza kujengwa mwaka 1896. Makala haya yanakusudia kuuhakiki mpango huo kwa kuutazama kutoka Ngome ya Yesu. Hoja yetu ni kwamba lugha ya Kiswahili imehifadhi mgawanyo mwingine wa vipindi, na kwamba mgawanyo huo, pamoja na upungufu wake, haufai kupuuzwa na mwalimu wa lugha wala wa historia.

Tuanze na neno "uvumbuzi", ambalo ndilo kiungo cha fungu la kwanza na la pili. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta mji wa Waislamu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Mji huo ulikwisha kuwa sehemu ya dunia ya Bahari ya Hindi zaidi ya miaka mia moja na sitini kabla ya Da Gama. Ngome yenyewe, iliyojengwa kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, haikujengwa kwa sababu kitu kimevumbuliwa. Ilijengwa baada ya nahodha wa Kituruki, Ali Bey, kufika pwani hii na kuungwa mkono na Mombasa, hadi Wareno walipomshinda mwaka 1589. Pembe zake zilichongwa kwa hesabu ya mizinga. Basi palikuwa na mashindano ya dola za baruti juu ya njia ya biashara iliyokuwako zamani.

Justus Strandes, Mjerumani aliyefanya biashara pwani, alitoa kitabu chake mwaka 1899 na kukiita historia ya zama za Wareno. Hatuna budi kukiri kwamba mengi tunayoyajua tumeyapata kwake. Walakini jina la kitabu limekwisha kuamua nani mwenye zama. Waliotaka kumjibu nao wamegeuza upande tu, wakasimulia vita vya wenyeji dhidi ya wageni. Ushahidi unakataa usahili huo. Aliyetawazwa Mombasa na Wareno ni mfalme wa Malindi. Na Waomani walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, ikafika mwaka 1697 maradhi yakawamaliza karibu Wareno wote waliokuwamo, aliyeongoza ulinzi alikuwa Bwana Daudi wa Faza, Mswahili, pamoja na watu wake. Mhakiki anayesoma kwa haki hawezi kumfuta Bwana Daudi kwa kuwa anaharibu hadithi.

Maandishi yaliyo juu ya lango la ngome yanahitaji kusomwa kwa jicho hilohilo. Humo Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ukapiteni mwaka 1635, anajisifu kwa kuijenga upya ngome, kuwatoza wafalme wa pwani kodi, na kuziadhibu Pate na Siyu kwa kubomoa kuta zao. Kifani, haya ni majigambo, utanzu ambao Waswahili wanaufahamu vyema. Na majigambo hujulikana pia kwa yale yanayoyaficha. Haja ya kuijenga upya ilitokana na Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, ambaye mwaka 1631 aliasi, akamwua kapiteni na kuitwaa ngome, kisha akaiacha mwaka 1632 baada ya kuishinda jeshi iliyotumwa kutoka Goa. Majigambo ya kapiteni yamesimama juu ya aibu hiyo.

Sasa tulitazame neno. Wataalamu wa isimu wanalitoa "gereza" katika neno la Kireno "igreja", yaani kanisa. Katika Kiswahili likawa na maana ya ngome: huko Kilwa Kisiwani ngome yaitwa Gereza hadi leo. Hatimaye likawa na maana ya mahali pa kufungia watu. Ngome ya Yesu imepitia ngazi zote tatu. Ndani yake mlikuwa na kanisa. Wamazrui wakaitawala kama makao ya dola yao mpaka Sayyid Said alipowashinda mwaka 1837. Mwaka 1875 manowari za Waingereza zikaipiga mizinga kuzima uasi wa akida. Na kuanzia 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni ikaifanya jela. Hayo ndiyo mapinduzi ya viwanda yalivyoonekana Mji wa Kale: si kinu cha pamba, bali nguo ya merikani dukani, na ukuta usioweza tena kushindana na meli ya moshi, ukabaki kufungia watu.

Hata hivyo tusilitukuze neno kupita kiasi. Waingereza hawakuibuni maana ya kifungo, kwani mabwana wa ngome waliwatia watu minyororo tangu zamani. Tena neno huhifadhi matokeo bila kuwataja watendaji. Halimjui Yusuf wala Bwana Daudi, wala mtumwa aliyepitishwa bandarini. Kwa hiyo neno lahitaji hati, na hati yahitaji neno.

Tangu 1960 ngome ni makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Wanafunzi huingia kwa makundi na kufundishwa tarehe za wajenzi. Tunapendekeza wafundishwe pia kuuliza kwa nini babu zao waliita jengo hilo gereza. Kitabu cha historia ya dunia kisichoweza kulijibu swali hilo hakijaifikia dunia yote.