Canon 10-18mm: lenzi pana ya kazi gani?

Wenzangu, wengi wetu tukimaliza masomo tunatafuta mafranga kwa foto: ndoa, siku ya diploma, nyumba za kupangisha. Kamera ni Canon ya bei ndogo na lenzi yake ya 18-55mm. Kisha mutu anakwambia: «Nunua EF-S 10-18mm, watu wote wataingia ndani ya foto.» Mimi sikubali hiyo sababu.

Lenzi yenyewe iko muzuri. Ilitoka 2014 kwa dola 300 hivi, inapima gramu 240 tu. Kwa 18mm unaona nyuzi 74. Kwa 10mm unaona 107. Ukiegemea ukuta wa chumba kidogo, hiyo tofauti njo inakupatia kitanda, dirisha na mlango pamoja.

Lakini mutu haiko kitanda. Anayesimama pembeni kabisa anatoka na kichwa kirefu na mkono mnene, na pengine ni yeye anayelipa. Tena inafunguka mpaka f/4.5 tu, wakati 18-55mm nyingi zinaanza f/3.5. Kitulizo chake kinasaidia mkono wako unaotetemeka. Hakimsimamishi bibi-arusi anayecheza.

Basi, kama unapiga nyumba, madarasa ao mandhari, inunue, hata iliyokwisha tumika. Kama ndoa njo zinakulisha, nunua flashi kwanza. Kwa kundi kubwa, rudi nyuma hatua mbili na ile 18mm uliyo nayo. Kabla ya kutoa dola, angalia kwanza nani anakulipa.