Njia Zinazopanda Tu: Kusoma "Le otto montagne" ya Paolo Cognetti

Riwaya za milimani zina mazoea yanayochosha. Mtu anatoka mjini na majonzi yake, anapanda, anatazama machweo, anashuka amepona. Mlima wenyewe unabaki pazia la nyuma, kama yale ya studio za picha za zamani. "Le otto montagne", yaani "Milima Minane", riwaya ya Mwitaliano Paolo Cognetti iliyotoka mwaka 2016 na kushinda tuzo ya Strega mwaka uliofuata, imesifiwa mara nyingi kana kwamba nayo ni ya kundi hilo. Mimi naona sifa hizo zimekipunja kitabu. Hiki ni kitabu kuhusu njia: nani alizichonga, nani anazipita leo, na zinageuka nini wenyewe wakishaondoka.

Kwa ambaye hajakisoma: Pietro ni mtoto wa Milano. Baba yake ni mkemia kiwandani, mtu wa hasira za karibu. Kila kiangazi familia inapanga nyumba Grana, kijiji cha kubuni kwenye bonde moja chini ya Monte Rosa, katika mkoa wa Valle d'Aosta. Huko Pietro anakutana na Bruno, mtoto wa rika lake anayechunga ng'ombe. Kitabu kinawafuata hawa wawili mpaka utu uzima. Mimi nimekisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Simon Carnell na Erica Segre, na nathubutu kusema ni tafsiri isiyojikweza: sentensi fupi, maneno makavu, hakuna mapambo.

Tuanze na baba, maana ndiye anayetufundisha kusoma njia. Ana sheria zake za kupanda: shika mwendo mmoja na usisimame, usiongee, ukifika njia panda, chagua daima ile inayopanda. Ukizisoma haraka utadhani ni ushauri wa mazoezi. Lakini angalia zinavyofanya kazi nyumbani. Huyu ni mzee asiyejua kusimama, asiyeongea na mwanawe, na ambaye kila kitu kwake ni kileleni au basi. Cognetti haelezi tabia ya baba kwa aya tatu za saikolojia. Anatuonyesha anavyotembea, na inatosha. Siku anapowapeleka watoto wote wawili juu kwenye barafu isiyoyeyuka, mwinuko unamzidi Pietro na anaugua. Sheria hazina kifungu cha mtoto anayetapika. Kuanzia hapo ufa kati ya baba na mwana unaonekana, na baadaye Pietro anakataa kabisa kupanda naye.

Halafu inakuja ramani. Baba akishafariki, Pietro anagundua kwamba mzee aliendelea kupanda miaka yote ile ya kimya, na mara nyingi pamoja na Bruno. Kwenye ramani amechora njia kwa rangi tatu: rangi yake, rangi ya Pietro, rangi ya Bruno. Kuna milima ambako mistari mitatu inakwenda sambamba, na kuna mingine mingi ambako mstari wa Pietro haupo. Sijui njia bora zaidi ya kumwonyesha mtu kwamba nafasi yake ilijazwa na mwingine. Baba hakuacha barua wala wosia wenye maneno matamu. Aliacha ramani, na kipande cha ardhi chenye gofu la mawe lililoegemea mwamba. Bruno, ambaye sasa ni muashi, alikuwa amemuahidi mzee kulijenga. Wanalijenga wawili, kiangazi kizima, na ukiuliza kiini cha kitabu kiko wapi, kiko hapo: waombolezaji wawili wanaobeba mawe badala ya kuongea.

Sasa tufike kwa Bruno, mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye anayekibeba kitabu. Rafiki za Pietro wa mjini wanapotembelea nyumba ile na kuanza kusifia "asili", Bruno anawarekebisha bila ukali. Anasema hilo ni neno la watu wa mjini. Wao wa mlimani wana msitu, malisho, kijito, mwamba. Vitu unavyoweza kuvionyesha kwa kidole. Nilicheka niliposoma, maana sisi nasi tuna neno "mazingira", linalopendeza sana kwenye semina. Mzee wa Lushoto hakuambii kwamba anaenda kwenye mazingira. Anakwambia anaenda shambani, mtoni au kukata majani ya ng'ombe.

Na suala hilo si la maneno tu. Kwenye mabonde ya Valle d'Aosta, mtembezi wa leo anafuata mishale ya njano na namba zilizopakwa kwenye mawe. Kila kitu kimepangwa, kinapendeza. Ila sehemu kubwa ya njia zile hazikuchongwa kwa ajili yake. Zilichongwa na kwato za ng'ombe waliopandishwa kwenye malisho ya juu kila kiangazi na kushushwa vuli, na watu waliobeba majani makavu, kuni na jibini. Cognetti analijua hili. Vijia vyake vinapita kando ya kuta zilizobomoka na mazizi yasiyo na paa. Mtembezi anapita kwenye jasho la watu waliohama na kusema, "Jamani, pazuri!"

Ndiyo maana sehemu ya mwisho inauma. Bruno anaamua kufanya kile ambacho wenzake wote wamekiacha: ng'ombe, malisho ya juu, jibini. Anapata mwenza, anapata mtoto. Anafanya kazi kwa ustadi, na bado madeni yanampita. Wanaoupenda mlima bila kuutegemea wanarudi kila mwaka wakiwa salama. Anayetaka kula kutokana nao ndiye anayeangushwa. Namna anavyoangushwa sitaisema hapa. Nitasema tu kwamba Cognetti hakumhurumia msomaji.

Lawama ninazo pia. Wanawake wa kitabu hiki wanapewa kazi ya kuelewa. Mama yake Pietro ana hekima, anaandika barua, anaunganisha watu. Lakini njia zake mwenyewe hatuzifuati. Lara, mwenza wa Bruno, anaamka alfajiri kama yeye, na mahesabu yakiharibika tunabaki kichwani mwa wanaume.

Kubwa zaidi ni Nepali. Jina la kitabu linatokana na mpagazi mzee ambaye Pietro anakutana naye huko. Mzee anamchorea duara: mlima Sumeru katikati, milima minane na bahari nane kuuzunguka. Kisha anauliza nani amejifunza zaidi, aliyezunguka milima minane au aliyefika kilele cha ule wa kati. Swali zuri, na linawatenganisha vizuri Pietro mzungukaji na Bruno aliyebaki. Lakini mzee akishatoa hekima yake, anabeba mzigo wake na kutoweka. Msomaji aliyewahi kuwaona vijana wa Marangu wakipita na mahema na mitungi ya gesi kichwani, huku mgeni nyuma yao akihema na kijimkoba, lazima aulize: na huyu mpagazi, yeye alijifunza nini? Kitabu kilichojali sana jasho la njia za Alpi kimelisahau jasho hilo hilo ng'ambo.

Filamu ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Wabelgiji Felix van Groeningen na Charlotte Vandermeersch na kugawana Tuzo ya Majaji kule Cannes, haitibu kasoro hizo, ila ina jambo la busara. Picha yake ni karibu mraba. Ungetegemea milima ipigwe kwa upana, ijae skrini nzima kama tangazo la utalii. Badala yake jicho linasukumwa juu na chini, kama la mtu anayepanda kijia.

Kisome kitabu kwanza, polepole, hata kama umeshaiona filamu. Mimi ninaisubiri riwaya ya Kiswahili ambamo msimuliaji ndiye mwenye mzigo kichwani, anayeijua kila kona ya njia kwa sababu ameipita mara mia, na ambaye siku hiyo anawaza ada ya mtoto kuliko kilele.