Moto haukomazi brasi: uhakiki wa somo la kutengeneza kibanio cha kalamu

Mwaka jana nilichonga kalamu ya mti wa mninga nikampa baba mdogo, na kibanio chake nikakitengeneza mwenyewe nyumbani kwa bamba la brasi. Ilikaa mfukoni kwake wiki tatu. Siku moja alishuka kwenye daladala, kalamu ikaendelea na safari. Hakunilaumu, ila alisema: "Mwanangu, mwanzoni kilikuwa kinabana vizuri, baadaye kikalegea." Hilo neno "kikalegea" ndilo lililonirudisha kwenye video niliyojifunzia.

Video yenyewe ni nzuri, nisiwe mchoyo wa sifa. Mikono ya fundi inaonekana kwa karibu: anachora umbo kwenye bamba, anakata kwa msumeno mwembamba, anapiga tupa kingo zote ili zisikwaruze kitambaa, kisha anainua ncha kidogo ili kibanio kiteleze juu ya mfuko bila kukwama. Kwa upande wa umbo sijaona somo linaloizidi. Tatizo liko kwenye sekunde arobaini hivi za katikati, pale anapokipasha kibanio moto mpaka kinakuwa chekundu, anakitumbukiza kwenye maji, halafu anatangaza kwamba sasa kimekomaa. Eti kama kisu.

Kwa kisu, sawa. Chuma cha pua kina kaboni. Kikiwa chekundu, kaboni inatawanyika kati ya atomi za chuma. Ukikipoza ghafla inanaswa humo humo, mpangilio wa atomi unakazika, na chuma kinakuwa kigumu. Brasi ya kawaida haina mchezo huo. Ni shaba na zinki, mara nyingi 70 kwa 30, na ugumu wake unatokana na kipigo: kupitishwa kwenye roli kiwandani, kugongwa nyundo, kuvutwa. Kila unapoigonga, kasoro ndogo ndogo katika mpangilio wa atomi zinaongezeka na kuzibiana njia, yaani foleni ya magari. Ipashe moto kufika nyuzijoto 500 na kitu, fuwele mpya zinaota, foleni inafumuka, metali inalainika. Maji hayaongezi ugumu wowote, yanaokoa muda wa kusubiri ipoe.

Kwa hiyo fundi wetu alichukua bamba gumu la kiwandani, akalilainisha, akatuambia amelikomaza.

Je, kuna madhara gani? Hebu tupige hesabu. Kibanio ni boriti iliyoshikwa upande mmoja. Tuseme ni cha brasi, urefu milimita 40, upana 4, unene 1. Ukikiinua ncha kwa milimita 1.5 kupitisha mfuko wa shati, mkazo kwenye shina lake unafika kama megapaskali 155. Ukikiinua kwa milimita 3, kwa mfuko wa koti lenye pindo nene, unafika 310. Brasi ngumu ya kiwandani inastahimili 350 na zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja. Brasi iliyolainishwa kwa moto inakubali kupinda kwenye 100 hivi. Ndiyo maana ile kalamu ililegea kidogo kidogo kwenye mashati, kisha baridi ya Julai ikaja, baba mdogo akavaa koti.

Jambo la kushangaza, na hapa wengi hukwama, ni kwamba moto haupunguzi ukakamavu. Brasi laini na brasi ngumu zinasukuma kwa nguvu ileile mwanzoni, kabla ile laini haijaanza kupinda moja kwa moja. Kwenye meza ya fundi, ukikijaribu kwa kidole mara moja, huwezi kugundua kitu. Video inaishia hapo hapo, kwenye kidole.

Nina malalamiko mengine mawili. Fundi anasema chukua bamba la unene wowote upendao. Hapana jamani. Nguvu ya kubana inakwenda na unene kipeo cha tatu: shuka kutoka milimita 1 hadi 0.8 na umepoteza karibu nusu yake. La pili ni zito zaidi. Anachoma brasi mpaka inang'aa rangi ya machungwa, ndani ya chumba, dirisha limefungwa. Zinki inachemka kwenye nyuzijoto 907, na moshi wake ukiuvuta unaleta homa na baridi ya mwili. Hata kulainisha hakuhitaji moto wote huo. Wekundu hafifu unaoonekana kwenye kivuli unatosha.

Simkatazi mtu moto. Kona kali kwenye bamba gumu hupasuka, hivyo kulainisha sehemu ya kona ni halali. Ila ulimi wa kibanio uachwe ulivyotoka kiwandani, au ukishapata moto ugongwe tena taratibu kwa nyundo laini kabla ya kung'arishwa. Solda ya fedha nayo inahitaji zaidi ya nyuzijoto 600, kwa hiyo inafanya uharibifu uleule kimyakimya. Mimi siku hizi nakata kibanio kikiwa na pete yake, pete inakaa chini ya skrubu ya kichwa cha kofia, na solda naiacha kabisa.

Kabla ya kutengeneza kingine nilikata vibanio viwili kutoka bamba moja. Kimoja nilikipasha moto na kukizamisha kama fundi alivyoelekeza, kingine sikukigusa. Nikavifungua vyote kwa kupitisha shina la keki ya milimita 3, mara ishirini kila kimoja. Kile cha moto kilibaki na pengo la zaidi ya milimita 1 kati ya ncha na kofia. Cha pili kilirudi kikagusa kofia, na ndicho kilichopo sasa kwenye koti la baba mdogo.