Kilichoachwa Bila Kupakwa

Mwaka 1959, Asger Jorn, mchoraji wa Denmark, alionyesha jijini Paris picha ambazo kwanza zilikuwa za watu wengine. Alizinunua kwenye masoko ya vitu kuukuu: mandhari za shamba na maji, picha za sebuleni ambazo wenyewe walikuwa wamezichoka. Hakuzifuta. Alichora juu yake.

Inayojulikana zaidi ni “Le canard inquiétant”, yaani “Bata wa kutia wasiwasi”. Kinyumba cha shamba kimekaa kando ya maji, kila kitu kimetulia, na hapo hapo limesimama libata la rangi kali, limekizidi kinyumba kwa kimo.

Macho hukimbilia bata. Mimi nautamani zaidi ustadi ulioko pembeni, pale brashi ya Jorn ilipojizuia. Nyumba ameiacha, maji ameyaacha. Angeendelea kupaka, mandhari ingezama na bata angekosa cha kumzidi, maana ukubwa wake tunaupima kwa nyumba iliyochorwa na mkono mwingine. Hata unene wa rangi yake waonekana kwa sababu ile ya chini imelainishwa kwa uvumilivu. Jorn alimhitaji mchoraji yule wa kwanza, na kazi inaonyesha kwamba alilijua hilo.

Mwaka 1962, kwenye picha nyingine, alimchukua msichana nadhifu mwenye kamba ya kuruka, akamtia sharubu na ndevu za mbuzi, akachorachora kwa rangi nyeupe kwenye giza la nyuma yake. Sehemu nyingine ya uso ameiacha. Binti bado anatutazama kwa adabu ile ile aliyofundishwa.

Ufundi huu wafaa pia kwa picha za kuchapwa zinazouzwa madukani leo, zile za farasi na maporomoko ya maji. Nyingi zina utando unaong'aa, na rangi mpya haishiki vizuri juu yake. Basi hupigwa msasa laini, taratibu, hufutwa vumbi, kisha rangi ya msingi hupakwa pale tu patakapokaa umbo jipya. Ukiipaka nyeupe picha nzima umepata turubai ya bei nafuu, jambo zuri, ila hiyo ni kazi nyingine.

Kabla ya brashi kuna kutazama, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mwanga unatoka upande gani? Upeo wa macho uko wapi? Kiumbe ambaye miguu yake iko chini ya mstari huo, na kivuli chake kinaelekea vinakoelekea vivuli vya miti, ataonekana amekanyaga ardhi ile ile. Kosea kivuli, naye ataelea kama kibandiko. Kisha uchague pa kunyamaza: ua lipi libaki, dirisha lipi lisiguswe.

Bata wa Jorn yuko Silkeborg, Denmark, katika makumbusho yenye jina lake. Sehemu kubwa ya uzuri wanaoufuata wageni katika picha hiyo haikupakwa na Jorn, naye aliuacha uonekane.