Wapima Maji wa Njia ya Kisangani

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina pwani ya kilomita zipatazo 40 tu, kule Banana na Moanda. Jeshi lake la wanamaji lina bahari ndogo na mto mkubwa, pamoja na maziwa ya mashariki. Kwa hiyo mtu wa Kisangani akisikia sifa za manowari za mataifa mengine, anajua kwamba hapa kwetu mashua ya doria, tishali la saruji na boti ya mbao iliyojaa mkaa hupita mkondo mmoja na kuogopa kitu kimoja, nacho ni mchanga. Nikitaka kuwasifu wanamaji wa nchi hii siangalii kwanza bunduki iliyofungwa omoni. Namwangalia kijana aliyesimama pembeni mwa omo, miguu peku, upondo mkononi.

Mji wetu uko mwisho wa njia. Kutoka Kinshasa ni kilomita 1,734 za maji yasiyo na poromoko hata moja, mpaka pale wavuvi Wagenia wanapotega mitego yao na mawe kufunga njia. Zaidi ya hapo ni maporomoko mengine hadi Ubundu, ndiyo maana reli ya kilomita 125 ilijengwa kuyazunguka na kufunguliwa mwaka 1906. Chini ya mji, baada ya Isangi na Basoko, mto unaanza kutanuka. Ukifika Bumba na kwenda mbele, kutoka ukingo hadi ukingo ni kilomita nyingi, visiwa juu ya visiwa, na mgeni anadhani hapo meli ya bahari ingeelea bila shida. Kumbe maji yakitandaa hivyo huwa membamba. Mkondo wenye kina ni uzi tu ndani ya upana ule wote, na uzi huo huhama kila maji yanapojaa na kupungua.

Meli inayosukuma iko nyuma. Matishali yamefungwa mbele yake kwa nyaya za chuma, na msafara mzima unaweza kupita mita 100. Komanda yuko juu kwenye chumba cha sukani, nyuma kabisa, na kati yake na maji yatakayomkwamisha kuna magunia, mapipa, mbuzi, majiko ya mkaa yanayofuka na watu waliotandika mikeka. Kutoka pale hawezi kuona kilicho chini ya pua ya tishali la kwanza. Basi vijana wawili husimama huko mbele, mmoja kila pembe. Kila mmoja ana mti mrefu uliopakwa rangi mbili zinazopokezana, pande kwa pande, ili kina kisomeke kwa kutupa jicho.

Tazama mkono wake unavyofanya kazi. Hachomeki upondo chini moja kwa moja, maana chombo kinasonga. Anautupa mbele, umeinama, na wakati ncha inapogusa chini, tishali limeshaufikia na mti umesimama wima mbele ya kifua chake. Hapo hapo anasoma rangi iliyo usawa wa maji, anauvuta, maji yanamchuruzikia hadi kwenye kiwiko, anautupa tena. Mkono wa pili umenyooshwa kando kumwonyesha komanda upande wenye kina. Hawapigi kelele, injini ingezimeza. Kwa ishara hizo tu, msafara wenye uzito wa mamia ya tani unageuza uso taratibu.

Rangi, hata hivyo, humpa nusu ya habari. Nusu nyingine inapita kwenye kiganja. Mchanga hukwaruza ncha ya mti, tope huing'ang'ania na kuiachia kwa shida, jiwe hugonga na mtikisiko wake hupanda mpaka begani. Mpimaji mzoefu anajua kabla ya kutazama. Anajua pia kama chini kunapanda polepole, dalili ya fungu refu la kuzunguka, au kumeinuka ghafla, na hapo dakika moja ya kuchelewa ni nyingi. Kazi hii inaendelea saa baada ya saa chini ya jua la mchana, na usiku hufuata mwanga wa taa kubwa inayopekua kingo. Mwili wake unabaki umelegea muda wote, isipokuwa kifundo cha mkono. Ulegevu ule ndio unaonistaajabisha kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi hukaza mwili mzima na kuchoka mapema.

Komanda naye ana kusoma kwake. Ukingo uliomegeka, wenye miti iliyoangukia majini, unamwambia kwamba mkondo unapita karibu. Upande wa ndani wa kona ndiko mchanga unakolala. Gogo lililozama linaacha mikunjo miwili inayofunguka kuelekea chini ya mto. Ndege mweupe aliyesimama katikati ya mto, mbali na kila kisiwa, amesimama juu ya kitu. Kazi ya alama na maboya ni ya shirika la Régie des Voies Fluviales, lakini boya likiondoka kinabaki kile alichokihifadhi mtu kichwani. Na kuna wavuvi. Mitumbwi hutoka kingoni, hujibandika ubavuni chombo kikiwa kinakwenda, samaki wa moshi na kwanga za muhogo zinapanda, chumvi na sabuni zinashuka, na pamoja na biashara inapanda habari ya fungu lililozaliwa wiki ile.

Kupanda na kushuka ni kazi mbili tofauti. Anayekuja Kisangani anapambana na maji. Akigusa mchanga, mkondo wenyewe unamsukuma kurudi nyuma, na mara nyingi anachomoka. Anayeshuka kwenda Kinshasa amebebwa. Akigusa, maji yote ya mto yanamkandamiza juu ya fungu. Hapo itabidi matishali yafunguliwe moja moja, au rafadha izungushwe kuchimba mchanga chini ya chombo, au wasubiri mvua za juu zilete maji. Zipo safari zilizolala hivyo kwa wiki nyingi.

Ufundi huu una wazee wake. Tarehe 1 Februari 1877, mahali Aruwimi inapoingia mtoni, msafiri Stanley alihesabu mitumbwi 54 ikimjia, mmoja mkubwa mno wenye wapiga makafi 40 kila upande, wamesimama. Alisimulia kama adui, na wengi wamemsoma hivyo. Mimi naona makafi 80 yakiingia majini kwa pigo moja, na nahodha wao akijua mahali pa kugeuza chombo kile kirefu bila kukipandisha mchangani. Hiyo ilikuwa manowari, na Basoko ya leo iko pale pale. Joseph Conrad alitoka Kinshasa tarehe 3 Agosti 1890 ndani ya stima Roi des Belges, akafika hapa mwanzoni mwa Septemba. Riwaya aliyoiandika baadaye inajulikana dunia nzima. Mimi navutiwa zaidi na daftari lake la njiani, lenye visiwa, magogo, mafungu na upande wa kupita, kazi ya mtu anayejifunza kwa bidii. George Grenfell na stima yake Peace alikuwa amefika kwenye maporomoko haya tangu mwishoni mwa 1884, akichora ramani ya mto. Majina ya manahodha hao tunayo. Ya washika pondo wao hayakutufikia.

Vita vilipoukata mto mwaka 1998, misafara kati ya Kinshasa na Kisangani ilikoma. Iliporejea mwaka 2001, wakati wanamaji wa Uruguay walipoanza kupiga doria chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, mchanga ulikuwa umehama kwa miaka mitatu bila mtu wa kuufuata. Ramani haikutosha. Ilibidi njia itafutwe tena kwa upondo.

Siku hizi boti za mbao, balenyeri, ndizo zimejaa bandarini kwetu. Zinahitaji maji kidogo kuliko tishali, lakini nyingi husafiri usiku bila taa ya maana, zimepakiwa kupita kiasi, na upondo amepewa mtoto aliyechoka. Watu wanazama, mwaka baada ya mwaka. Naamini mpimaji mzuri angeokoa wengi wao, na ningependa jeshi la wanamaji liwaite wazee wa omo wawafundishe askari wake na watoto wa balenyeri pamoja, kabla ya kununua mashua nyingine.

Kwa kawaida mtu hapewi sukani kabla ya kuushika upondo kwa miaka. Siku anayoitwa juu kwa mara ya kwanza, chombo huwa kinapanda, maji yamejaa, na komanda amekaa nyuma yake akinywa chai. Kushuka wakati wa kiangazi kutakuja baadaye sana.